Nimefika Dodoma, nyumba naipataje?

Barua tatu wiki hii zote zimeangukia sehemu moja, nyumba za kupanga na wageni wanaotoka nje ya nchi, nikaona niziweke pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu huyu dada bado ana hela yake mfukoni na sitaki itoke kabla ya wakati wake.

Hujambo Anti. Mimi ni Mkenya nimetoka Nakuru, nimepata kazi ya mkataba wa miaka miwili hapa Dodoma na ofisi iko upande wa Mtumba. Nina wiki moja tu, nalala gesti. Kwetu ukitaka nyumba unaona bango kwa geti, unaongea na keateka, unalipa mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja unaingia. Hapa kila mtu ananiambia nilipe miezi sita ama mwaka mzima, na juu yake dalali anataka mwezi mmoja wake. Jana dalali mmoja amenitumia picha za nyumba poa sana iko Kisasa, akasema kuna mtu mwingine anaitaka kwa hivyo nimtumie nusu leo jioni ndio aniwekee. Mimi hapa sina mtu. Nimtumie? Na nitajuaje mtaa wa kukaa? Mgeni kutoka Nakuru.

Usitume mdogo wangu. Hata elfu kumi usitume. Nimekupigia simu kwanza kabla sijaandika hapa na nashukuru ulikuwa hujatuma.

Nakwambia hivi kwa jambo nililoliona mwenyewe. Kuna dada mmoja nesi alihamishiwa huku kutoka Tabora, alishalipa miezi sita kwa mtu wa kwenye simu, nyumba kaiona kwenye picha tu. Siku anafika ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Fuso limejaa mizigo, mtoto kamlalia begani, tunafika pale getini tunakuta familia nyingine inashusha magodoro, nao wana ujumbe wa muamala kwenye simu kama yeye, namba ile ile jina lile lile. Tukiwa bado tumesimama akapiga mtu wa tatu kwa jirani anauliza ufunguo wa nyumba yake ameachiwa nani. Mwenye nyumba halisi alikuwa Mwanza na hakuwa na habari kwamba nyumba yake imepangishwa hata mara moja. Yule dada alikaa kwangu siku tisa, mizigo uani chini ya turubai, na kila jioni alikuwa anafungua ile meseji ya muamala anaisoma tena kama vile itabadilika. Hela haikurudi. Huyo alikuwa Mtanzania anayeijua nchi yake na ana mtu wa kumpokea, sasa we mgeni wa wiki moja.

Hiyo ya "kuna mtu mwingine anaitaka" utaisikia kila nyumba. Inawezekana ni kweli, lakini kama ni kweli muache huyo mtu aichukue, Dodoma inajengwa kila siku na nyumba nyingine ipo. Mgeni anaumizwa na haraka kuliko kitu kingine chochote, anaona anamaliza hela gesti kwaiyo anakimbilia mlango wa kwanza. Ongea na gesti yako wakupe bei ya wiki mbili au mwezi, wengi wanapunguza ukilipa kwa pamoja, utulie utafute vizuri.

Madalali si watu wabaya, wengi nawafahamu wanatembea juani kutwa nzima na bila wao usingepata nyumba nusu ya unazoziona. Ila ujue utaratibu. Kodi ya mwezi mmoja kwa dalali ndo kawaida ya mjini hapa na anayelipa mara nyingi ni mpangaji, lakini hiyo inalipwa ukishasaini mkataba na ufunguo uko mkononi, sio kabla. Kuna na hela ya kuonyeshwa nyumba, hiyo ni nauli na usumbufu wake, mpatane mapema ni kiasi gani na ni kwa nyumba ngapi maana mwingine anachukua kila mlango. Alafu nyumba moja inaweza kuwa mikononi mwa madalali wanne na kila mmoja anataja bei yake, kwaiyo ukishaipenda ulizia jirani au duka la mangi hapo nje, mwenye nyumba ni nani na anaishi wapi. Duka la karibu linajua kila kitu.

Sasa miezi sita. Najua kwa mtu wa Kenya inaonekana kama wizi lakini ndivyo tulivyozoea huku, na sababu yake utaielewa ukizunguka mitaa yetu uone nyumba ngapi zina nondo zimechomoza juu. Watu wengi wanajenga kwa kodi, hela yako ya miezi sita ndo bati la chumba kinachofuata, akikupa mwezi mwezi inaishia sokoni. Kwaiyo usimchukie, ila ongea nae. Tuseme nyumba ni laki tatu kwa mwezi, miezi sita ni milioni moja na laki nane, weka laki tatu ya dalali, milioni mbili na laki moja kabla hujanunua hata ndoo. Omba mitatu mitatu. Nyumba ambayo imekaa tupu miezi miwili mwenyewe atakubali, nyumba iliyotoka mtu jana hatakubali. Na uangalie msimu, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni kuna Bunge la bajeti, mji unajaa wabunge na watumishi na watu wao, gesti zinapanda na wenye nyumba nao wanajua, hapo kupatana ni kugumu. Ukiweza maliza kabla ya Aprili au vumilia mpaka Julai. Na kama hela ya kuanzia hiyo huna ulizia ofisini kwako mapema, ofisi nyingi zinatoa advansi ya kodi na kukata kidogo kidogo kwenye mshahara. Ikiwa ofisi yenyewe ndo itamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, itabidi ikate asilimia 10 ya hiyo kodi ya nyumba iipeleke TRA, mamlaka ya mapato, ndo inaitwa kodi ya zuio, mwambie mwenye nyumba kabla ya kusaini ili siku ya malipo asiseme umempunja.

Mtaa gani. Mji wa Serikali Mtumba uko kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, barabara ya kwenda Dar. Kwaiyo ukikaa Kisasa, Nzuguni au Ihumwa uko upande huo huo, ukikaa Nkuhungu au Kizota utakuwa unavuka mji mzima asubuhi na jioni. Ihumwa ni karibu zaidi na kazi ila bado panajengwa, kuna sehemu jioni giza na vumbi. Kisasa pamechangamka, maduka yapo, na bei inajionyesha. Iyumbu na Njedengwa ni pazuri, kuna nyumba za mashirika kama NHC Iyumbu na za Watumishi Housing pale Njedengwa, ulizia na hizo pia maana ukipanga kwa shirika mambo ya mwenye nyumba wa uongo yanakwisha. Kabla hujaamua panda daladala ya huo mtaa Jumatatu saa moja asubuhi, sio Jumapili mchana na dalali kwenye bajaji, uone mwenyewe unafika kazini saa ngapi.

Ila kwa Dodoma mimi ningeanza na maji kabla hata ya kuangalia chumba cha kulala. Huku ni nchi kavu, mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba ikichelewa sana Januari, ikifika Aprili imekwisha, miezi iliyobaki yote ni jua na upepo. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe na watu wameongezeka haraka kuliko maji tangu serikali ilipohamia. Kwaiyo ukiingia kwenye nyumba nenda moja kwa moja jikoni fungua bomba la ndani, la nje usilihesabu. Likikohoa upepo muulize jirani, sio dalali, maji ya DUWASA yanatoka siku zipi kwa wiki na saa ngapi. Alafu zunguka nyuma kwenye simtanki uligonge kwa ngumi kuanzia juu ukishuka, juu linalia kama ngoma na likifika penye maji sauti inakuwa nzito, hapo utajua limebakiwa na maji kiasi gani leo, uulize na wapangaji wangapi wanalitegemea. Kama nyumba ina kisima usishangilie kabla hujaonja, visima vingi huku vina chumvi. Angalia birika la jirani ndani, likiwa limeganda ukoko mweupe ujue maji ya kunywa na ya chai utakuwa unanunua, na nguo nyeupe zitakutesa. Chukua na chupa ya hayo maji ukaogee gesti, nywele zako zitakuambia.

Umeme ni haraka tu. Uliza kama luku, yaani mita ya umeme wa kununua, ni yako peke yako au ya kuchangia, ya kuchangia na mtu mwenye friji ya biashara ni ugomvi usioisha. Kabla ya kulipa kodi nunua umeme wa elfu mbili kwenye hiyo mita, usome ile meseji vizuri, kama mita ina deni utaona limekatwa hapo hapo. Utaona na kodi ya jengo, hiyo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, na kwa haki ni ya mwenye nyumba kwaiyo mkubaliane atakurudishia vipi.

Maneno yetu nayo uyajue usije ukaonyeshwa vitu hutaki. Chumba masta ni chumba kimoja chenye choo na bafu ndani, hicho ndo karibu na bedsita yenu japo jiko huwa hakuna. Chumba na sebule inaeleweka, ila uliza choo ni cha ndani au cha uani. Stendi aloni ni nyumba nzima peke yake ndani ya fensi. Na apatimenti huku wanaita hata nyumba ya chini iliyogawanywa milango minne, kwaiyo usitegemee ghorofa.

Kwa mwaka wa kwanza mimi ningekushauri upange kwenye fensi moja na mwenye nyumba, hasa akiwa mama. Najua vijana hawapendi, geti linafungwa saa nne na wageni wako wanaonekana. Lakini uko peke yako mji mgeni, ukiugua usiku kuna wa kukugongea, maji yakitoka alfajiri atakuamsha ukinge, na akikupenda atakufundisha mlenda na kukusalimia mbukwenyi kila asubuhi mpaka uzoee Kigogo.

Ukishapata, mkataba uandikwe. Jina kamili la mwenye nyumba na kitambulisho chake cha NIDA uone, uone na karatasi ya umiliki, iwe hati, barua ya ofa ya kiwanja au hata ile ya mauziano yenye muhuri, na majina yafanane. Kama yupo mbali awepo mtu aliyemwandikia rasmi na umpigie video mwenyewe. Muongeze kipengele kimoja ambacho watu wanasahau, kwamba ukiondoka kabla ya miezi uliyolipia kwisha hela iliyobaki inarudi vipi, maana mkataba wako wa kazi unaweza kukatika. Alafu wote wawili muende ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti au mtendaji ashuhudie, uache kopi ya pasipoti na ya kibali chako cha ukaazi. Hiyo safari ya ofisi ya mtaa ndo kipimo kikubwa kuliko vyote, mtu anayeuza nyumba isiyo yake hawezi kukubali kwenda, ataanza kusema mwenyekiti hayupo, leo foleni, tutaenda kesho. Na hapo kwa mwenyekiti, mkataba ukiwa mezani, ndo unatuma hela, kwenye namba au akaunti yenye jina la mwenye nyumba. Mkija kukosana baadae kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watakuuliza karatasi.

Habari za kazi mwanangu. Nina nyumba ya vyumba vitatu Ipagala. Dalali kaniletea mpangaji kutoka Zambia, kijana mtaratibu tu yuko na mke wake. Dalali kanishauri nimtajie kodi kwa dola kwa kuwa wageni wamezoea dola. Mimi sijawahi kupangisha mtu wa nje, naogopa nisije nikaitwa Uhamiaji. Niulize nini? Mama wa Ipagala.

Shikamoo mama. Dola achana nazo kabisa. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kuna kanuni za serikali zinazokataza kutangaza bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa ndani, na kodi ya nyumba imo. Huyo dalali anakuingiza kwenye kosa na yeye jina lake halipo kwenye mkataba. Andika shilingi. Na bei iwe ile ile ambayo ungemtajia mtumishi wa hapa hapa, naomba hili ulifikirie mama yangu, kijana amekuja na mkewe hana ndugu mjini, akigundua baada ya mwezi kwamba mlango wa pili analipa nusu yake hatakaa na moyo mmoja na wewe.

Kuhusu Uhamiaji usiogope, kupangisha mgeni sio kosa, kosa ni kumficha mtu asiye na vibali. Muombe pasipoti na kibali cha ukaazi, kama ameajiriwa atakuwa na kibali cha kazi pia, angalia tarehe za mwisho, toa kopi zako ubaki nazo. Kama kibali bado kinashughulikiwa akuonyeshe risiti ya maombi na barua ya ofisi yake. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo anayohamia, usisubiri wiki ipite. Ofisi yake ikikulipa ikakata ile asilimia 10, dai cheti cha kodi ya zuio ukiweke, kitakusaidia ukienda TRA.

Kitu kingine, mkataba wako naamini ni wa Kiswahili na ni sawa, lakini huyo kijana Kiswahili chake labda ni cha kununulia nyanya tu. Tafuta mtu amsomee kipengele kwa kipengele kwa Kiingereza kabla hajasaini, mimi nimeona watu wa heshima kabisa wanagombana kwa neno "ukarabati", mwenye nyumba anamaanisha rangi, mpangaji anamaanisha bomba limepasuka. Na umwambie ukweli wa maji ya Ipagala, siku zinazotoka na siku zisizotoka, mwambie kabla hajalipa.

Anti shikamoo. Mimi ni mwanafunzi kutoka Burundi, nipo UDOM mwaka wa tatu. Wenzangu wakija wapya wananiomba niwatafutie vyumba, mji naujua na Kiswahili najua, wananipa chochote. Sasa wameongezeka nataka kuifanya iwe biashara kabisa niwe dalali wa wageni. Ushauri wako? Kijana wa UDOM.

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya hapa nchini, na udalali wa biashara na majengo umo kwenye orodha, pamoja na vitu kama kuongoza watalii na uwakala wa kutuma pesa. Adhabu yake ina faini, kifungo, na kufutiwa kibali. We umebakiza muda mfupi umalize shahada yako, wazazi wako wamekusomesha mpaka mwaka wa tatu, hiyo laki moja ya dalali isije ikakurudisha nyumbani bila cheti. Na hata hizo "chochote" unazopokea sasa hivi ziache, maana ukipokea hela kwa kila chumba hakuna atakayekuamini kwamba ulikuwa unasaidia tu.

Kusaidia wenzako kwa moyo endelea nako, wanakuhitaji kweli. Hao wanaofika muhula unaoanza waambie waanze kuulizia hosteli za chuo kabla hawajatoka nyumbani, na wanaotaka mtaani uende nao Iyumbu na Ng'ong'ona saa za asubuhi, uwatafsirie, uwafikishe ofisi ya mtaa. Mjulishe tu mwenyekiti wa mtaa kwamba wewe ni mwanafunzi mwenzao na hulipwi. Nauli yako wakulipie.